Uvunguni mwa Gari la Yvan

Jumamosi moja, baridi ilipolegea kwa mara ya kwanza mwezi Februari, mtaa mzima pale mjini Chicoutimi ulitoka nje kuosha magari uvunguni. Siku kama hizo ni chache, na anayezichezea atajuta. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hung'ang'ania chini ya gari na kulitafuna kimyakimya, na ukiiosha siku ya baridi kali, maji yanaganda kwenye breki na gari haliendi popote. Kwa hiyo watu walivuta mipira ya maji ya moto kutoka ndani, wakasukuma vinyunyizio vya bustani chini ya magari, wakasimama wakipiga soga. Fernand alikuwa ndiyo kwanza anafungua bomba lake wakati mkewe, Colombe, alipochungulia dirishani akamwambia kwamba baba yake amekuja, na hajavaa glavu.

Mzee Adélard, baba yake Fernand, alikuwa amekufa Januari. Kule ardhi huwa jiwe mpaka Mei, kwa hiyo wanaokufa majira ya baridi husubiri makaburi yao katika chumba cha mawe nyuma ya kanisa. Na kwa kuwa hawajazikwa, siku zenye joto kidogo baadhi yao hutoka kunyoosha miguu. Padri anajua. Anachoomba ni wafunge mlango wakirudi.

Mzee alipita mbele ya Fernand bila kugeuka, akauruka mpira wake wa maji, akaingia nyumba ya pili, kwa Yvan, mwanawe wa mwisho. Akatandika kipande cha boksi, akalala chali, akajiingiza chini ya gari la Yvan. Aliosha taratibu, pembe kwa pembe, huku akipiga mluzi.

Roho ilimuuma Fernand. Tuseme ukweli, ulikuwa wivu. Miaka yote mzee alipokuwa hajiwezi, nani alimwogesha? Nani alimlisha supu ya njegere kijiko kwa kijiko, akamgeuza ubavu, akafua mashuka? Yvan alikuwa migodini kaskazini. Alikuja Krismasi na chupa yake, akamchekesha mzee, akaondoka, na wiki nzima mzee akawa anauliza Yvan wake yuko wapi. Waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakumjua Yvan.

Colombe alimwambia amwache mzee wa watu, kwamba mtu hapangiwi wa kumpenda, hata akiwa hai. Fernand hakusikia la mwadhini. Baridi ilipolegea tena, aliliegesha gari lake karibu kabisa na barabara, akatandika boksi jipya, akaacha maji yakitoka, ya moto safi. Mzee akaja, akalipapasa boksi, akafunga bomba ili maji yasipotee bure, akaenda zake kwa Yvan.

Yvan mwenyewe, aliyekuwa bado likizo ya msiba, alikuwa kaegemea ua, kikombe cha kahawa mkononi.

"Kaka, si umwombe tu aoshe na lako? Mimi sikumwita."

"Nimwombe? Mimi?"

"Haya, nuna basi."

Fernand akanuna. Madigadi ya gari lake yalikuwa yameanza kumeguka kama biskuti, lakini si hayo yaliyomkosesha usingizi. Mei ilikuwa inakuja. Mzee akishafukiwa ndiyo basi tena, hatoki, na yeye atakuwa amebaki bila hata tone moja la maji kutoka kwa baba yake.

Katikati ya Machi Yvan alirudi migodini kwa basi, gari lake akaliacha gereji. Siku hiyohiyo Fernand aliliingiza la kwake uwanjani kwa Yvan, palepale mzee alipopazoea. Alijua kwamba tangu alazwe kule kwenye mawe, macho ya mzee yalikuwa yameingia barafu, na kwamba alikuwa akienda kwa mazoea tu. Colombe alimtazama kutoka jikoni, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumapili, baada ya misa, matone yalianza kudondoka kutoka mapaani. Mzee akaja, akajiingiza chini ya gari. Kisha vidole vikasikika vikigonga bati lililooza.

"Yvan, hili gari vipi? Limeliwa kama la Fernand."

Fernand alisogea karibu na gurudumu.

"Shika mpira, mwanangu. Taratibu."

Akaushika. Maji yakatiririka meupe kwa chumvi mpaka mtaroni, na kutu ikafuata, na mzee akaendelea kuzungumza kule chini, mdomo wake ukiwa karibu na bomba la moshi.

"Sijakushukuru bado. Ile miaka ya kitandani. Mikono iliyokuwa inanigeuza, nilijua ni yako. Kaka yako asingeweza. Yule moyo wake mgumu."

Fernand alifungua mdomo. Jina lake lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini akilitaja, mzee atatoka, atajipangusa mgongo na kurudi kanisani, na kabla ya Mei pengine itakuja siku moja zaidi ya joto, pengine isije kabisa.

"Haikuwa taabu, baba," alisema, kwa sauti ya Yvan.

Mkono ukatoka chini ya gari, ukamshika kifundo cha mguu, ukakaa hapo kitambo. Ulikuwa wa baridi sana, na Fernand hakuusogeza mguu.

Mei walimzika. Yvan alilia mpaka akashikwa mabega. Fernand alisimama macho makavu, na watu wakanong'ona kwamba kweli yule ana moyo mgumu. Wakiwa njiani kurudi, Yvan alimuuliza kama mzee, katika kupitapita kwake, aliwahi kuacha neno lolote.

"Alikushukuru kwa kumuuguza," Fernand alisema.

Yvan alifikiri kidogo, akapangusa macho, akaitikia kwa kichwa.

"Nilijitahidi, kaka," alisema. "Nafurahi kwamba aliona."