Lakiri Mlangoni pa Dobi

Maofisa wa mapato walipokuja kumfungia duka, dobi alikuwa humo humo ndani, nyuma ya boila, akinyoosha mashuka ya chumba cha upasuaji. Mvuke ulikuwa ukipiga mluzi. Hakusikia hodi, wala hakusikia komeo la nje likisukumwa. Alipoufuata mlango ili apate hewa, ulicheza kidogo, kisha ukagoma. Akachungulia kwenye upenyo. Komeo lilikuwa limefungwa kwa waya mwembamba, na kwenye waya ilining'inia lakiri ya serikali, nta nyekundu ya muhuri, mbichi.

"Mzee Kanuni!" Ilikuwa sauti ya fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Kumbe umo? Nami nimewaambia umekwenda hospitali kwa binti yako! Nilidhani nakuokoa!"

"Umeniokoa kweli. Wanasemaje?"

"Wanasema wewe si dobi tena. Ni kiwanda, na kiwanda chenyewe hakina leseni."

"Kiwanda? Mimi na pasi zangu mbili?"

"Na boila, bwana mkubwa. Mwenye boila ni kiwanda. Hongera, umepanda cheo."

Dobi hakucheka. Boila lile hakulinunua kwa kupenda makuu. Hospitali ya serikali ndiyo iliyomtaka awe nalo, kwa kuwa mashine ya hospitali yenyewe ilikufa na haikutengenezwa, na mashuka ya upasuaji hayatakaswi kwa jua na sabuni.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Kanuni, naye alilivaa jina hilo kama nishani. Watu wa afya waliposema mlango wa nyuma usielekee mferejini, aliuziba kwa matofali. Watu wa usalama waliposema dirisha liwekewe nondo na wavu, alimwita mchomeleaji siku ile ile, kisha akaenda ofisini mwenyewe kutoa taarifa kwamba ametii. Fundi viatu hakuwahi kutii lolote. Kibanda chake kilikuwa na matundu kila upande. Ofisa akiingia mbele, yeye hutokea nyuma na nyundo yake mkononi. Sasa dobi alizitazama kuta zake kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. Kila mahali ambapo angepita, alikuwa amepaziba yeye mwenyewe, kwa gharama yake na kwa moyo mweupe.

"Tia bega," alisema fundi viatu. "Waya wenyewe hata mbuzi haumfungi."

"Lakiri ya serikali haivunjwi. Wapigie simu."

Fundi viatu akapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, akaisogeza simu kwenye upenyo. Akapokea ofisa wa kike, mpole wa sauti.

"Ndani hakuna mtu, mzee wangu. Taarifa iko wazi."

"Na mimi ninayezungumza nawe ni nani?"

"Nakuheshimu sana, lakini taarifa imeshatiwa saini. Ukikiri kwamba wewe ni kiwanda, tunakuja kufungua leo hii."

"Na nikishakiri?"

"Kiwanda hakiruhusiwi kwenye makazi ya watu. Utahama."

"Na nisipokiri?"

"Basi panabaki pamefungwa."

Dobi akarudi kwenye meza ya kupigia pasi, akakunja shuka ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Ndipo mkewe akafika, anahema.

"Baba watoto! Mbona hamleti mashuka? Mwanao yuko kitandani koridoni, mtoto amelala kingamo tumboni. Daktari ameshanawa mikono, anasema hatamgusa bila nguo safi!"

"Nimefungiwa, mama."

"Nimeona. Mashuka ni ya serikali, lakiri ni ya serikali. Aliye koridoni ni mwanao."

"Shemeji, tulia," alisema fundi viatu. "Jirani, acha nivunje mimi. Tena taarifa inasema ndani hakuna mtu. Wakiuliza ni nani aliyevunja, jibu wanalo: hayupo."

Kwa kitambo kidogo dobi aliuonea uongo ule tamaa. Ulikuwa mzuri, umenyooka kama mkunjo wa suruali. Lakini hakuwahi kujificha nyuma ya mtu, na hakuwa tayari kujificha nyuma ya nafsi yake mwenyewe.

"Sogeeni kando," alisema.

Alitia bega mara moja. Waya ukakatika bila kishindo, na wepesi wake ndio uliomuuma: maisha yake yote aliogopa kitu chepesi kiasi hiki. Akamkabidhi mkewe mzigo wa mashuka, ungali na joto. Fundi viatu akatoa baiskeli. "Panda, shemeji, na ushike mzigo, usinishike mimi!" Wakaondoka mbio.

Dobi hakuwafuata. Alirudi ndani, akauvuta mlango, akaketi kwenye kigoda. Amevunja, basi atakutwa pale pale alipovunjia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama fundi viatu aliporejea, akaugonga mlango kwa ngumi. "Mjukuu wa kike, babu! Mama mzima, mtoto mzima, na sauti yake inalishinda boila lako!"

Dobi alijifuta uso kwa foronya. Alipoishusha, yule ofisa wa kwenye simu alikuwa amesimama mlangoni, waya mpya mkononi.

"Nani amevunja?"

"Mimi."

Ofisa akapunguza sauti. "Mzee wangu, ungesema hujui, ningeandika ni upepo."

"Andika mimi."

Akaandika. Akamwomba atoke nje, naye akatoka. Komeo likasukumwa, waya ukazungushwa, lakiri ikamiminwa. Ilikuwa haijapoa bado mhudumu wa hospitali alipofika na mkokoteni, akashusha furushi la mashuka machafu mbele ya mlango. Juu kabisa lilikuwa shuka lililompokea mjukuu.

"Ya upasuaji wa kesho, mzee," alisema mhudumu, akaenda zake.

Ofisa alilitazama furushi, akaitazama lakiri. "Kwani hakuna dobi mwingine?"

"Dobi wapo tele," alisema fundi viatu. "Mwenye boila ndiye huyu."

Dobi aliinama, akalibeba furushi begani, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama mteja anayesubiri kufunguliwa.