Mkono wa Chuma Upande wa Pili

Hii usiponiamini sitakulaumu, maana hata mimi niliyekuwepo, simu mkononi, bado narudi kwenye picha nilizopiga kujihakikishia. Dada yangu ameikosa kazi ya ndoto yake kwa sababu ya mkono. Tena si mkono wake. Mkono wa mtu ambaye hayupo duniani.

Ngoja nianze mwanzo kabla sijachanganyikiwa.

Ukoo wa Nyota unaijua. Usiniambie huijui, zile filamu za vyombo vya anga ambazo hata kinyozi wetu kabandika picha zake juu ya kioo. Nahodha ni binti aliyepoteza mkono wa kushoto kwenye filamu ya kwanza, akawekewa wa chuma. Mashabiki wakikutana wanapungiana kwa kushoto. Na adui zake ni Wavaasura, viumbe wanaovaa uso wa mtu yeyote, ukala nao meza moja usijue.

Basi wenye filamu wakataka kitabu cha katuni. Kazi ikaangukia kampuni moja ndogo ya vitabu, na mhariri wa pale akampa dada. Dada ni mchora mabango. Yale meno makubwa kwenye mlango wa daktari wa meno ni yake, na matairi ya ukuta wa gereji ni yake. Akaambiwa wazi: hiki ni cha majaribio. Wakikipenda, vyote vinavyofuata utachora wewe, na jina lako litakaa juu ya jalada. Dada hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alikuwa anachora hata kwenye vumbi la meza.

Ukurasa alioupenda kuliko yote ni ule Nahodha anamuaga mama yake. Tuliuigiza sebuleni ili auchore. Mimi Nahodha, mkono wa kushoto umezungushiwa ile karatasi ya fedha ya kufunikia chakula. Mama yetu ndiye mama.

"Weka simu chini," dada akasema.

"Iko mkono wa kulia, itakuwa nyuma ya mgongo wa mama. Haitaonekana."

"Nahodha hawezi kumuaga mama yake huku anasoma komenti."

Nikaiweka. Mama akanikumbatia, akaniwekea kidevu begani, akasema polepole, "Ukifika unipigie, mwanangu, hata kama huko hakuna mtandao." Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Dada akapangusa macho kwa kiwiko, penseli bado mkononi, akaendelea.

Mhariri aliposimuliwa maneno yale akayataka yaingie kitabuni, tena mama ndiye aanze kusema. Hapo ndipo shetani alipopitia.

Kuna jamaa pale kampuni tunamwita Puto, kwa sababu kazi yake ni kuweka yale maputo ya maneno juu ya vichwa vya watu. Anayesema kwanza lazima asimame kushoto, la sivyo msomaji ataanza kusoma jibu kabla ya swali. Sasa dada alimchora mama kulia. Unajua Puto alifanya nini? Aliugeuza mchoro mzima kama unavyoona uso wako kwenye kioo. Mama akahamia kushoto. Na mkono wa chuma ukahamia kulia. Kitabu kizima Nahodha ana chuma kushoto, isipokuwa ukurasa mmoja, ule ule wa roho ya dada.

Kikachapwa, kurasa zikasambaa mtandaoni. Mimi ndiye niliyeona wa kwanza, maana huko mtandaoni ndiko ninakolala na kuamka. Nikakimbia hadi kwenye ukuta wa gereji, dada yuko juu ya ngazi.

"Shuka," nikamwambia.

"Nikishuka rangi inakauka."

"Shuka, dada. Mkono."

Tukaenda kampuni, tukamkuta Puto anakunywa chai kwa utulivu wa mtu asiye na kesi.

"Nimegeuza tu kidogo," akasema.

"Kidogo?" dada akasema. "Puto, mkono haugeuzwi kidogo. Uko huku au uko kule."

"Nisingegeuza, maputo yangepishana yakamziba mama yako uso. Ungetaka nimzibe mama?"

"Ungeniita. Ningechora upya."

"Nilijua umechoka, dada'angu. Nikakuonea huruma."

Wewe, mtu anakuharibia halafu anakuonea huruma. Dada aliangalia dari kwa muda, nadhani alikuwa anaomba subira.

Sasa sikiliza. Tulisubiri matusi ya mashabiki, hayakuja. Walishangilia. Shabiki mmoja aliandika: huyu mwenye chuma mkono wa kulia si Nahodha, ni Mvaasura aliyemvaa uso, mchoraji ametuachia dalili. Mpaka jioni mji mzima wa mtandaoni unasema mchoraji ni kichwa. Simu yangu ikawa moto kama pasi.

Mama akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akauliza, "Kwa hiyo mimi nimemkumbatia adui?"

"Ni hadithi tu, mama."

"Nimemwambia anipigie akifika."

Dada alikuwa mlangoni. Alisikia.

Kesho yake wenye filamu wakapiga, kwenye simu yangu, kwa sababu simu ya dada inazimika ukiikazia macho. Mama mmoja mwenye sauti laini. Wameipenda sana ile dalili. Wanataka kitabu cha pili, Mvaasura aliyemdanganya mama, achore dada, jina juu ya jalada. Sharti moja dogo: aseme hadharani kwamba alikusudia.

Dada akasema, "Yule anayemuaga mama pale ni Nahodha mwenyewe. Fundi wa maputo ndiye aliyegeuza mchoro."

"Tunajua, mpenzi," yule mama akasema. "Lakini watu wameshaamini."

"Mimi sijaamini."

Akanirudishia simu mkononi. "Waambie hapana," akasema, akachukua ndoo ya rangi, akaondoka zake gereji.

Nikabaki na simu. Yule mama ananiuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ni mdogo wake? Tuseme amekubali, akitulia mtaelewana?" Neno moja tu. Ningesema ndiyo, dada angenifokea wiki nzima halafu angechora, namjua. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia. "Dada yako ameshasema," akasema.

Nikasema hapana.

Kitabu cha pili kimetoka, kachora mtu mwingine. Mkono wa chuma uko kulia, jina la mchoraji huyo liko juu ya jalada. Ndani, Nahodha wa uongo amemfungia mama kwenye chumba cha giza, mama bado anangoja simu. Kinauzwa kama maji ya jangwani. Dada hajakifungua. Yuko kwenye mlango wa duka la miwani, anachora jicho kubwa. Mchoro wa asili, wenye chuma kushoto, mama kaubandika ukutani, na kila nikitoka ananiambia nipige nikifika.

Mtaani wananiambia nilikuwa na bahati ya dada mkononi nikaitupa. Siku nyingine nawaamini, siku nyingine nauangalia ule mchoro wa mama ukutani. Hebu niambie, simu ile ungekuwa umeishika wewe, ungejibu nini?