Klachi Nyepesi

Pale gereji wananiita Kaa la Moto, na sikatai. Nina miaka thelathini chini ya magari ya watu, na mtu akijaribu kunifundisha kazi yangu, damu hunipanda kabla hajamaliza sentensi. Nasema mapema ili mtu asije akafikiri najitetea.

Mdogo wangu, ambaye tangu ujana tunamwita Bobini, ni fundi cherehani. Hashoni, anatengeneza mashine zenyewe. Kazi yake ni ya kuwafuata watu, maana cherehani ya mezani haibebwi begani, kwa hiyo fundi ndiye anayekwenda na sanduku lake la bisibisi na mafuta. Kwa ajili hiyo alikuwa na gari dogo la mizigo, kuukuu kuliko ndoa yake, na alilipenda hadi mkewe akawa analiita mke mwenzangu.

Mwaka huo mambo mawili yaliharibika kwa kufuatana. Kwanza injini ya gari ilipasuka. Miezi miwili baadaye kiharusi kikampiga Bobini akiwa kwenye sinki anapiga mswaki. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono wa kushoto ukarudi, mguu wa kushoto ukagoma. Daktari wa viungo alisema unaweza kurudi na unaweza usirudi. Mimi nilisikia ile nusu ya kwanza tu.

Alipotoka hospitali aliniomba kitu kimoja. "Kaka, nipe gari niende kazini. Nikikaa ndani hivi nitaoza."

Nikamwahidi. Injini niliipata kwa muuza vipuri vya mtumba, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, mbele likiwa zima kabisa. Giaboksi ya zamani haikuingiliana nayo, na zilizoingiliana zilikuwa mbili, moja otomatiki, nyingine ya klachi. Muuzaji akazilaza sakafuni ubavu kwa ubavu. "Chagua, fundi. Ila usichelewe, hiyo otomatiki kuna mtu anaiulizia."

Nikapitia kwa Bobini kwanza. Yeye alikuwa amejilaza chumbani. Shemeji alikuwa mezani sebuleni anakunja nguo, na nilipomweleza hakufikiri hata kidogo.

"Chukua otomatiki, shemeji. Mguu wa kulia si mzima? Ataendesha kwa huohuo."

"Gari lile halikuzaliwa na otomatiki," nikasema. "Inataka waya zake, kompyuta yake, kipoza mafuta chake. Nikikosea kuunganisha itamfia katikati ya barabara. Ya klachi inaingia kama imepimwa pale pale, pedali zipo, hakuna cha kukata. Na pesa yenyewe ni ya kuungaunga."

"Sawa. Na hiyo klachi ataikanyaga na nini?"

Hapo damu ikapanda. Nikamuuliza kama ameshaanza kumzika mumewe kipande kipande. Nikamwambia mguu utarudi, na kwamba kumpa mgonjwa gari la namna hiyo ni kumwambia asihangaike kupona. Nilisema kwa sauti ya gereji, ile ya kushindana na mashine ya kusagia chuma, kwenye sebule ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta. Shemeji alibeba nguo zake akaenda kuzikunjia jikoni.

Sababu zangu za kifundi zilikuwa za kweli zote, na fundi yeyote angeniunga mkono. Lakini sikuchagua kwa sababu hizo. Niliogopa. Kuinunua ile otomatiki ilikuwa ni kukubali kwamba mdogo wangu, niliyemshika mikono mimi akijifunza kutembea mama akiwa kazini, hatatembea tena sawasawa. Nikachukua ya klachi. Kesho yake otomatiki ikapata mwenyewe.

Injini na giaboksi nilizifungia uani kwake, wiki tano, jioni na Jumapili. Bobini alikuwa anatoka na kiti na fimbo yake, anakaa kunitazama na kunichokoza. "Kaka, hiyo boliti ukizidi kuikaza itazaa." Akichoka anaingia ndani, na baada ya muda nasikia cherehani ya shemeji, ile ya kukanyaga kwa mguu, inalia taka-taka, inasimama, inalia tena. Nilifurahi sana. Nilijua ameanza kutengeneza mashine.

Klachi niliihangaikia kuliko kitu kingine chochote. Niliweka kebo mpya, nikapaka grisi kila mahali panaposuguana, kisha nikaipima kama ninavyopima klachi zote tangu nianze kazi: nachuchumaa mlangoni, nasukuma pedali kwa kiganja. Ikazama bila ubishi. "Nyepesi," nikamwambia Bobini. "Hata mtoto ataikanyaga." Mkono wangu umefungua boliti zilizoshika kutu miaka thelathini, na huo ndio nilioutumia kumpimia mtu aliyetoka kitandani.

Jumamosi asubuhi injini ikawaka, ikatulia vizuri. Bobini alikuwa amevaa shati lake la kazi. Akakaa kwenye usukani, akauinua mguu wa kushoto kwa mikono, akauweka juu ya klachi.

"Kanyaga," nikasema.

Pedali ilishuka kiasi cha unene wa kidole gumba, ikaishia hapo. Akajaribu tena. Jasho likamtoka kwenye nywele. Mara ya tatu aliweka mikono yote miwili juu ya goti akasukuma, na klachi ikafika chini, lakini sasa hakuwa na mkono wa kushika gia wala usukani. Alipoachia, mguu uliteleza ukaingia nyuma ya pedali, ukanasa.

"Kaza goti!" nikasema. "Usiukubalie. Tena!"

"Mwache!" Shemeji alikuwa ametoka ndani. Alinisukuma pembeni, akapandisha suruali ya mumewe. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa. "Kila siku ukiwa chini ya hili gari yeye yuko kwenye cherehani yangu anakanyaga kwa mguu huu. Wiki tano! Namwambia pumzika, ananiambia lazima mguu uwe tayari siku kaka atakapomaliza."

Nikazunguka upande wa pili, nikapitisha mkono dirishani nikazima injini.

"Kesho naifumua," nikasema. "Nitamtafuta aliyenunua ile otomatiki. Hata kwa kumbembeleza."

"Acha, kaka," Bobini akasema. "Wateja nimeshawaaga."

"Umewaaga lini?"

"Siku uliyoileta giaboksi. Nilichungulia dirishani nikaona ni ya klachi. Nikawapigia mmoja mmoja, nikawapa namba ya fundi mwingine."

"Ulijua? Wiki zote hizi unanitazama nafunga, na ulijua?"

"Mguu ni wangu, kaka. Ningekosa kuujua? Nilijaribu tu, labda mguu ungenishangaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akawa anafuta vumbi kwenye usukani kwa kiganja, vumbi ambalo halikuwepo, maana nilikuwa nimeufuta asubuhi hiyo.

"Nilikusikia siku ile mke wangu alipokuambia," akasema. "Nani mwingine angekuambia kitu?"

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kumjibu. Nikapiga magoti pale mlangoni, nikautoa mguu wake nyuma ya pedali polepole, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikalia mbele yake.