Mafuta ya Visigino

Tangu Tabea aende Makambako kumtunza binti yao Ema aliyejifungua, Methusela alikuwa amejipikia siku kumi na tisa mfululizo, na asikudanganye mtu, siku hizo hakuzihesabu kwa sababu ya chakula. Alimtaka mkewe nyumbani. Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja bila kuachana zaidi ya juma moja, na sasa nyumba yao ya Njombe, kule juu yanakoanzia mashamba ya miwati, ilikuwa imepoa hata jiko likiwaka.

Barua ilipofika, mwezi wa Oktoba 1952, aliisoma palepale barabarani, mbele ya Yoramu, dereva wa lori la viazi aliyeileta. Mwandiko ulikuwa wa mkwewe Hezekia, mume wa Ema, lakini maneno yalikuwa ya Tabea, maana yalianza kwa kumgombeza Methusela kabla hata ya salamu. Kisha ikaja habari yenyewe. Mtoto hajambo, ila chuchu za Ema zimechanika, kila akinyonyesha analia, na mtoto hashibi. Kopo la mafuta ninayompaka limekwisha. Tengeneza mengine umpe Yoramu. Mimi sitoki hapa mpaka mwanangu apone.

Sentensi hiyo ya mwisho Methusela aliisoma mara mbili.

"Kwema, mzee?" Yoramu aliuliza.

"Unarudi lini Makambako?"

"Kesho asubuhi."

"Basi utanipakia mimi na mafuta yangu."

Mafuta yake! Methusela alikuwa mfuga nyuki, na nta yake ilisifiwa na kila aliyeinunua, lakini sufuria ya mafuta hakuwahi kuigusa. Ile ilikuwa mali ya Tabea. Kila mwaka baridi ilipoanza kupasua miguu ya watu, Tabea alipika mafuta ya magaga, na nusu ya usharika ilikuja na vikopo vyao. Mumewe alileta nta, akakaa kando akimtania kwamba anapika supu ya nyuki. Laiti angenyamaza akatazama kipimo!

Kulipopambazuka aliyeyusha samli, akaichuja, akaanza kukatia nta. Kiasi gani? Alikumbuka jambo moja tu: Tabea hudondosha tone juu ya jiwe lililo nje ya mlango, na likiganda, mafuta yameiva. Methusela akatia kipande kidogo cha nta, akakoroga, akadondosha. Tone likaganda papo hapo. Akajipongeza kwa sauti, nyumba tupu ikimsikiliza. Masikini, alisahau kwamba kwa baridi ya asubuhi ya Njombe hata samli tupu ingeganda juu ya jiwe lile. Tabea hupima adhuhuri, jiwe likiwa limeota jua.

Alisafiri juu ya magunia, kopo mapajani, na jua likawachoma wote wawili bila upendeleo. Kabla ya kufika Makambako alilitikisa kidogo, akasikia mafuta yanacheza ndani kama maji. Hakulitikisa tena.

Tabea alimpokea mlangoni, akamkagua toka kichwani hadi miguuni.

"Kamwene, Mama Ema."

"Kamwene. Umekonda. Nilisema ulete mafuta, nani alikuambia ujilete na wewe?" Lakini alikuwa anatabasamu, mpaka alipofungua kopo. "Methusela. Haya ni ya kukaangia."

"Njombe yaliganda."

"Njombe hata mimi naganda!"

Ndani mtoto alilia, na sauti ya Ema ikafuata, ya mtu anayejikaza. Methusela alijiona akirudi peke yake, amemwacha binti na maumivu yake na mke amekwama huku. Tabea akachukua kopo. "Nitampaka haya haya, nitafanyaje," akasema, akaingia chumbani.

Baba haingii binti yake anapohudumiwa kifua, kwa hiyo Methusela alikaa barazani na Hezekia, ambaye alikuwa fundi cherehani na siku hiyo hakuwa ameshona hata pindo moja. Wakangoja kilio. Hezekia akainua kichwa.

"Baba, mbona leo Ema halii? Akipakwa hulia kuliko akinyonyesha."

Tabea alitoka mikono iking'aa, akakaa kando ya mumewe.

"Yale yangu yalikuwa ya visigino. Nta tele, magumu, ya kusugua miguu ya wakulima. Ndiyo nimekuwa nikimkwaruza nayo mtoto wangu mahali pabichi, nikimwambia avumilie. Haya yako yanateleza yenyewe." Kisha akalia, akijifuta kwa kiwiko kwa sababu ya mafuta mikononi. Methusela alimshika bega, akampenda kuliko siku aliyomposa.

Siku ya nne mtoto alinyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Siku ya sita Ema alitoka barazani akitembea wima, akamweka mtoto mapajani mwa babu yake. Tabea alikuwa amekwisha kufunga furushi lake.

"Yoramu anapita sasa hivi," alisema. "Haya, baba, twende kwetu."

Ema alimpokea mtoto, akasimama karibu na mama yake, na kwa mkono uliobaki akashika pindo la kanga ya mama, wala hakuonekana kujua kwamba ameshika. Methusela aliuona mkono ule. Alikuwa amekuja kwa jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limesimama mbele yake na furushi kichwani.

"Kaa naye," akasema. "Mwezi mzima. Atakuhitaji."

"Na wewe je?"

"Mimi nitapika mafuta mengine."

Tabea alimtazama sana, akashusha furushi. Lori lilipopiga honi alimsindikiza mpaka barabarani. "Nta uliweka kiasi gani?" akauliza.

"Sijui."

"Basi weka vivyo hivyo."

Methusela akapanda juu ya magunia matupu. Hakugeuka nyuma mpaka Makambako yote ilipokwisha, maana angegeuka mapema, angeshuka.