Udongo wa Mwanatatu

Mwidani ndiye aliyempeleka Mutua kwenye konde la dadake, Mwanatatu. Mwaka ulikuwa 1995. Mutua, mtu mpole wa bara, alitumwa na ofisi ya serikali inayopima udongo, naye akamwajiri Mwidani kumchimbia mashimo kote Likoni. Alipouliza wapi pana ardhi ambayo haijachoka, Mwidani hakukawia kujibu.

Konde lilikuwa karibu na Mtongwe, chini ya mikorosho: ekari mbili alizolima marehemu mume wa Mwanatatu, na babake kabla yake. Lakini hati ya ardhi ilikuwa kwa tajiri ambaye hawakuwa wamepata kumwona. Mwidani alichimba hadi shimo likamfika kiunoni. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, wa kushikana. Mutua aliutia kwenye mifuko ya nailoni, akaeleza taratibu. Majani yakioza huacha kaboni ardhini. Yakichomwa, au ardhi ikitifuliwa ovyo, kaboni hupanda hewani ikazidisha joto la dunia. Kenya imetia sahihi mkataba na mataifa mengine, na katika ripoti yake itasema udongo wake umeshika kiasi gani, iahidi kuutunza. Konde hili litahesabiwa.

Mutua alipokwenda garini, Mwanatatu akamwuliza kakake, "Hiyo hesabu yao itanikinga na mwenye hati?"

Mutua hakuwa ametaja hati hata kidogo. Lakini Mwidani alikuwa amevaa buti za ofisi, na dadake alikuwa akimngoja ajibu.

"Serikali ikishaandika," alisema, "nani atakugusa?"

Mwanatatu alilishika neno hilo. Akaacha kuchoma magugu, akawa anayatandaza kwenye mashina ya mihogo, na masika yalipokuja alichota majani ya mikorosho kwa matenga hadi mgongo ukamuuma. Mwaka uliofuata wakala wa tajiri alipita akiwapa majirani vijiwanja vidogo upande wa pili wa barabara ili wahame. Wote walikubali. Mwanatatu alimwambia wakala udongo wake umo katika ahadi za serikali, hatoki. Mwidani alikuwapo siku hiyo, wala hakumsahihisha.

Trekta lilikuja Januari 1997. Mikorosho iling'olewa kwa siku tatu. Udongo mweusi ukakwanguliwa na kupakiwa kwenye malori, uende kwenye bustani za hoteli. Kilichobaki ni mchanga mwekundu, mgumu, usiootesha kitu. Kiwanja hakupewa tena, kwa kuwa alikikataa. Alihamia chumba cha nyuma kwa Mwidani na sufuria zake.

Mwezi wa Machi Mutua alileta ripoti, bado inanukia wino. Mwidani alimwomba amwonyeshe konde la dadake. Mutua akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa tarakimu.

"Lakini udongo wenyewe hauko, bwana. Umechukuliwa wote."

"Nimepita pale, nimeona," Mutua alisema kwa sauti ya chini. Akaeleza kuwa shimo lile limechukuliwa kuwakilisha makonde yote ya aina ile hadi Vanga, na kwamba hesabu ni ya mwaka uliopimwa. Ripoti imeshakwenda kwa wakubwa, haibadilishwi.

Mwidani alirudi nyumbani akamkuta dadake akimenya mihogo ya kununua. Akamweleza kila kitu, na mwisho akamwambia lililomkaa kooni miaka miwili: Mutua hakuahidi kumkinga, maneno yale aliyatunga mwenyewe.

Mwanatatu aliendelea kumenya hadi akamaliza. "Vile vijiwanja vilikuwa vidogo," alisema, "lakini vilikuwa vya kupewa."

Wiki ile ile alihamia kwa mmoja wa majirani wale, akawa anampalilia kwa chakula na mahali pa kulala. Mwidani alimfuata mara mbili kumwomba radhi. Mwanatatu alimpokea kwa adabu, akamtilia chai, wakazungumza habari za mvua.

Ofisi ilimhamishia Mwidani Kisauni, akaendelea kuchimba. Wenye makonde walipomwuliza watafaidi nini, alijibu kwamba yeye ni mchimbaji tu, wakaulize ofisini.