Ua la Majilio Kwenye Mpaka

Bernadi aliniita kwa sauti ya kutaka mtaa mzima usikie.

"Mzee Raimundi! Msomi wa ngumbaru! Njoo utuambie hili ni ua gani!"

Shikamoo hakunipa. Alihamia kutoka Tingi baada ya Pasaka, akanunua shamba la jirani yangu. Kiangazi aling'oa mikonge ya mpaka wetu, akaipanda upande wangu, na safu nzima ya mibuni yangu ikawa yake. Nilipomwuliza, alinionyesha panga. Sikubishana naye. Ushahidi wangu ulikuwa bado udongoni, nami nilikuwa naisubiri mvua.

Sasa mvua ilikuwa imenyesha, na Bernadi alikuwa na mgeni. Huyo alikuwa Bwana Sadiki, mmoja wa wanunuzi binafsi walioingia Mbinga soko la kahawa lilipofunguliwa. Alitafuta mahali pa kujenga ghala, na Bernadi alikuwa akimuuzia ukingo ule, pamoja na mibuni yangu. Bwana Sadiki ndiye aliyeniamkia.

Kando ya mibuni maua yalikuwa yamechomoza. Shina tupu, jani hakuna, na juu yake tufe jekundu la nyuzi nyembamba. Yalijipanga mstari mmoja, kutoka barabarani hadi kijitoni.

"Wewe unasemaje?" nikamwuliza Bernadi. "Umeyatoa wapi?"

"Mwanangu Henry alileta mbegu kutoka Songea. Nikazisia mwenyewe mwezi wa sita."

"Kwa mstari hivi?"

"Kwa urembo, Mzee. Au kwenye ngumbaru urembo hamkufundishwa?" Akacheka peke yake.

"Mazuri kweli," akasema Bwana Sadiki. "Nichimbulie moja, nimpelekee mke wangu, Mama Saida."

Bernadi akachukua jembe haraka, kama mtu aliyekwisha kupokea fedha.

"Bwana Sadiki, ngoja nikuambie kabla hajachimba," nikasema. "Hili mama yangu Gertruda aliliita ua la Majilio. Huchanua na mvua ya kwanza, Krismasi ikikaribia, kisha hupotea, na kiangazi huoni kitu. Mbegu yake huchukua miaka kuchanua. Mama alipanda vitunguu vya maua haya juu ya mpaka. Chini ya kila kimoja aliweka kigae cha chungu na mkaa, kwa sababu mkaa hauozi."

"Mzee anaota," akasema Bernadi, akapiga jembe.

Kilitoka kitunguu kikubwa, kimezungukwa na watoto wake. Chini yake palikuwa na kigae, na juu ya kigae mkaa mweusi.

"Chimba kingine," akasema Bwana Sadiki. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Bernadi hakusogea. Bwana Sadiki akamnyang'anya jembe, akachimba ua la pili mwenyewe. Kigae. Mkaa.

"Mimi nanunua kiwanja, Bwana Bernadi. Kesi sinunui." Akapanda gari lake, akaondoka bila kitunguu.

Bernadi akaanza kuyafyeka maua kwa panga, moja baada ya jingine, hadi kijitoni.

"Haya, Msomi! Mpaka wako uko wapi sasa?"

"Fyeka tu," nikamwambia. "Mwakani yatarudi."

Nikaokota jembe lake, nikaanza kung'oa mkonge wa kwanza. Alisimama nyuma yangu na panga mkononi. Sikugeuka.