Mkaratusi Ulionasa Lambwe

Nyamongo alimwajiri Metrine, mke wa kaka yake, kwa sababu ya cheti. Siku hizo kibali cha kukata miti hakikutolewa bila mtu aliyesomea msumeno wa injini, na Metrine alikuwa ametoka mafunzoni Rongo. Helmeti na suruali nene alizokuja nazo zilimchekesha Nyamongo. Yeye alikuwa amekata miti tangu ujana wake akiwa na akala za matairi miguuni, na alisema sheria hizo zimetungwa na watu wasiojua hata kushika shoka.

Asubuhi hiyo walikuwa bonde la Lambwe, shambani kwa Mama Jerusha, wakiangusha mikaratusi. Metrine alikuwa na hamu ya kukata hadi viganja vikamwasha, lakini shemeji yake alimwachia matawi tu.

Upepo ukavuma. Mkaratusi aliokata Nyamongo ukageuka, ukaangukia mwenzake na kunasa hapo, umening'inia. Nyamongo akasema atapita chini yake akate ule ulioushikilia. Kabla hajawasha msumeno, Metrine akamkimbilia na kumshika mkono.

"Shemeji, usiingie hapo. Mti huo haujamaliza kuanguka."

Nyamongo akamwambia amwache, yeye si mwalimu wake. Metrine hakumwachilia. Ndipo Mama Jerusha, aliyekuwa akitazama kando, akasema hataki maiti shambani kwake, akampigia simu jirani yake Oyaro alete trekta. Nyamongo akaketi kando, amenuna.

Oyaro alipofika, Metrine aliusogelea mti kwa ubavu, akafunga mnyororo mrefu kwenye shina, kisha akawarudisha wote nyuma. Trekta ikanguruma. Mnyororo ukakazika. Shina likateleza, likazunguka ghafla, na mti mzima ukashuka kwa kishindo kilichotimua ndege bonde zima. Mahali ambapo Nyamongo alikuwa ametaka kupita, matawi mazito yalikuwa yamechimba ardhi.

Mama Jerusha akapiga vigelegele. Metrine akajikuta anacheka na kurukaruka, moyo ukimdunda mpaka masikioni. Oyaro naye alipiga honi mfululizo kama mtu wa arusi.

Nyamongo alilizunguka shina lile polepole. Hakusema amekosea. Alinung'unika tu kwamba watu wa ofisini bado wanapenda kusumbua na sheria zao. Kisha akamsogezea Metrine msumeno.

"Unaofuata ni wako, shemeji. Niambie nisimame wapi."

Metrine akamwonyesha mbali, nyuma ya trekta, naye akaenda. Metrine akavuta kamba ya kuwashia, na msumeno ukaitika papo hapo.